Kaimu Kocha na Fomu ya Kuchoka

"Kurugenzi ya Michezo na Uchangamfu inayo furaha isiyo kifani kuwatangazia wanachuo, wafanyakazi na majirani wema kwamba mchakato wa kumthibitisha kazini Kaimu Kocha wa Mpira wa Kikapu umefikia hatua nzuri sana. Wote mnaombwa kuendelea kuwa na subira."

Tangazo hili lilibandikwa ubaoni kila mwanzo wa mwaka, na sasa lilikuwa linabandikwa kwa mara ya kumi na moja. Aliyelipiga chapa, akalipaka gundi na kulibandika alikuwa Kaimu Kocha mwenyewe. Nani mwingine? Kurugenzi nzima ilikuwa na watu wawili: Mkurugenzi, ambaye kazi yake ilikuwa kusaini, na yeye, ambaye kazi yake ilikuwa yote yaliyobaki.

Safari hii, lakini, chini ya tangazo paliongezwa aya. Ili kuondoa mrundikano wa makaimu, ilisema, mtumishi yeyote atakayefunga mwaka akiwa bado anakaimu atahesabiwa kuwa hakuwahi kuajiriwa, na nyumba ya chuo atairudisha pamoja na ufunguo wake. Ulikuwa utaratibu mzuri, uliobuniwa kwa kuzingatia ustawi wa watumishi.

"Hakuwahi kuajiriwa?" mkewe aliuliza jioni ile, huku akimkamua mwanawe wa mwisho maji ya kichwani kwa taulo. "Sasa miaka yote hii ukiniaga asubuhi ulikuwa unakwenda wapi?"

"Ni lugha ya kiofisi tu, Mama Watoto."

Mkewe alikuwa mkunga, na lugha ya kiofisi haikumpita kooni. "Mimi mtoto akitoka naandika mtoto. Siandiki kaimu mtoto, mama subiri mchakato. Kamwambie huyo bosi wako asaini, au aniambie hawa watatu nikawalaze wapi."

Kaimu Kocha alicheka kidogo ili watoto wasione kwamba ameogopa, na usingizi ulimjia kwa tabu.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi kabla hata kufuli halijafunguliwa.

"Ndugu Kaimu," Mkurugenzi alisema, akikoroga chai kwa utulivu wa mtu aliyethibitishwa, "suala lako liko moyoni mwangu."

"Bosi, nilikuwa naomba litoke moyoni lije kwenye karatasi."

"Haraka ya nini? Lete kombe la vyuo mwaka huu. Ukileta kombe, hata mimi nitapata pa kuanzia kukusemea."

"Mwaka juzi uliniambia nilete nidhamu. Mwaka jana, mipira mipya."

"Umeona sasa? Tunasogea."

Basi bwana, Kaimu Kocha akapiga moyo konde, akaenda kutafuta kombe.

Hapa inafaa kueleza jambo moja la kitaalamu. Watu wa mitaani hudhani kwamba kocha akimwona mchezaji amechoka humtoa, akaingiza mwingine. Huo ni uhuni. Chuoni hapa kuchoka kulikuwa na fomu yake: Fomu ya Maombi ya Kumpumzisha Mchezaji, nakala tatu, saini ya Mkurugenzi, muhuri. Miaka ya mwanzo Kaimu Kocha alikuwa akikimbia nayo hadi jukwaani katikati ya mchezo. Mkurugenzi angevaa miwani, asome, aulize, "Amechoka kutokana na nini?" na hadi muhuri upatikane timu zimeshapeana mikono na refa yuko nyumbani anakula.

Ndipo akajifunza kuzijaza fomu siku moja kabla. Alikaa na vijana wake, akajua nani kalala vibaya, nani ana mtihani wa hesabu, nani kagombana na mchumba. Aliwachungulia wapinzani wakifanya mazoezi. Kisha alijifungia ofisini, akafumba macho, akaucheza mchezo mzima kichwani, na kuandika: fulani atachoka dakika ya saba, fulani dakika ya kumi na tisa. Mkurugenzi alisaini rundo zima bila kusoma. Kesho yake vijana walichoka kwa mujibu wa fomu. Asiyechoka alitolewa hivyohivyo, kwa kuwa kuiacha fomu iliyosainiwa bila kuitumia kulikuwa kosa la kudharau saini.

Na kwa namna hii ambayo haifundishwi popote duniani, walifika fainali.

Dakika ya thelathini na tisa kati ya arobaini, timu ya chuo ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Nahodha, kijana mrefu waliyemwita Ngazi, alikuwa amefunga peke yake karibu nusu ya pointi zao. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina lake. Kaimu Kocha akatazama fomu ya mwisho mkononi: Atoke Ngazi, aingie Nukta. Nukta alikuwa mfupi, mpole, na tangu ajiunge na timu hakuwahi kufunga hata kikapu kimoja.

Jana, akiwa na akili zake, aliandika vile kwa sababu: wapinzani dakika ya mwisho wangemkalia Ngazi watu watatu. Leo, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi, hakuiamini akili ya jana hata kidogo. Aliwaza ufunguo wa nyumba. Alitamani kuitafuna ile fomu. Juu jukwaani Mkurugenzi alikuwa ameinua nakala yake na kuonyesha saa.

"Ngazi, toka!"

"Kocha, sijachoka!"

"Umechoka, mwanangu."

"Weee! Niko moto mimi!"

"Imeshasainiwa. Choka, tafadhali."

Ngazi alitoka machozi yakimlengalenga. Nukta aliingia, na wale walinzi watatu wakabaki wanatazamana, hakuna aliyeambiwa lolote kuhusu mtu huyu. Walimwacha kama wanavyoachwa watu wanaopiga deki. Mpira ukamfikia pembeni, akaurusha huku ameng'ata ulimi. Ukazunguka kwenye chuma mara mbili, ukaingia. Filimbi ikalia.

Kaimu Kocha alikaa chini palepale sakafuni, akalia kwa furaha bila aibu yoyote.

Kumbe alilia mapema. Jumatatu Mkurugenzi alimwita amwandikie ripoti ya ushindi kwa ajili ya Baraza la Chuo.

"Andika hivi. Maamuzi yote ya kiufundi, tangu enzi hizo hadi fainali, yalifanywa na Mkurugenzi, kama saini zake zinavyothibitisha. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mchango wa Kaimu Kocha ulikuwa kujaza karatasi tu. Weka nukta."

Ilimuuma. Ilimuuma hadi vidole vikakosea herufi, naye akazirekebisha, kwa sababu ripoti mbaya hakuwahi kuiandika na hakutaka kuanza na hii. "Na barua yangu, bosi?"

"Ndugu Kaimu, mtu wa kujaza karatasi nitamthibitisha kama kocha kwa lipi? Kuwa muungwana."

Baraza liliongozwa na Mama Mwenyekiti, mkaguzi mstaafu wa mizani za sokoni. Kwake maneno yalikuwa kama kilo: yakishatajwa, yanapimwa. Aliisoma ripoti mara mbili, kisha akawatazama wote wawili.

"Mkurugenzi, kwa hiyo kocha ni wewe?"

"Bila shaka, Mama Mwenyekiti."

"Siyo fainali tu?"

"Miaka yote! Kila aliyeingia na kutoka uwanjani, saini yangu ipo."

"Na mafaili, ratiba, ripoti, bajeti, barua za vyuo vingine?"

Mkurugenzi akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Huyo. Hana kingine anachokijua."

Mama Mwenyekiti akafungua kitabu cha muundo wa utumishi, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. "Hizo ni kazi za Mkurugenzi. Zimeorodheshwa hapa zote. Kwa nini hajathibitishwa mtu huyu?"

"Mchakato, Mama."

"Mchakato gani? Hapa panataka saini ya mkuu wake, basi." Akafunga kitabu. "Baraza haliwezi kumlipa mtu kwa kazi asiyoifanya. Kuanzia kesho kila mmoja akae kwenye kazi yake. Huyu ni Mkurugenzi, na nasaini sasa hivi. Wewe utakaimu ukocha."

Mkurugenzi alitaka kusema alikuwa ametia chumvi kidogo. Lakini angesemaje, na kombe lile pale mezani, na ripoti ina muhuri wake?

Asubuhi yake Mkurugenzi wa zamani alikuja ofisini, akajilazimisha kucheka, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Hongera, mdogo wangu. Sikiliza, ile barua ya kunithibitisha ukocha usihangaike nayo. Iache tu ilale."

"Kwa nini, kaka?"

"Aa, mambo ya kanuni. Anayekaimu, upepo ukigeuka, anaweza kurudishwa kwenye cheo chake. Aliyethibitishwa ndiyo basi, anabaki hapohapo hadi astaafu. Kwa hiyo nivumilie miezi miwili mitatu hivi. Mimi naridhika kukaimu."

Mkurugenzi mpya alimtazama kwa huruma ya kweli. Alikumbuka mke wake na lile taulo, na alivyolala macho wazi.

"Kaka, hayo unasema kwa sababu hujakaimu," alisema. "Mimi yamenikuta. Siwezi kumtendea binadamu mwenzangu jambo kama lile hata kwa siku moja."

"Hapana, hapana, mimi nitavumilia..."

"Usinishukuru."

Akaingiza karatasi kwenye mashine, akapiga chapa mistari minne, akasaini, akagonga muhuri. Hata chai ya mgeni ilikuwa haijamiminwa. Akaupuliza wino ukauke, akamkabidhi barua kwa mikono miwili.

"Mazoezi ni saa kumi," akasema. "Njoo na raba."