Jinsi Idris wa Kanyangi Alivyolirudisha Gari Jekundu kwenye Kioo

Wekeni simu zenu kifudifudi, enyi watu wa Kitui na Makueni, na walio Malili waache kidogo kuwakimbilia wasafiri na mahindi ya kuchoma, maana nasimulia habari za Idris, bwana wa saiba ya Kanyangi, mtawala wa kompyuta tatu na printa moja, shujaa asiyewahi kukiri kosa, na vita alivyopigana Ijumaa mchana ili gari jekundu lionekane kwenye kioo cha kompyuta.

Adui yake alikuwa Kyule, mwenye saiba ya Kalamba, ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Mbele ya kundi zima la WhatsApp walikuwa wamepatana kushindana mbio za magari mtandaoni saa tisa alasiri, na asiyetokea angeweka picha ya mwenzake kwenye statasi yake mwezi mzima, na chini yake aandike: "Huyu ndiye baba yangu."

Saa ilipokaribia, Idris aliketi, akanyoosha vidole, akafungua mchezo. Uwanja haukutokea. Palitokea weusi mtupu, na katikati ya weusi huo maandishi madogo: WebGL haipatikani. Maana yake ni kwamba njia ambayo brauza huitumia kuiomba kadi ya michoro ichore mchezo ilikuwa imefungwa.

"Ewe kioo!" akanguruma Idris. "Nimekulisha jua la Mungu, nimekufuta vumbi kwa shati langu mwenyewe, nawe waniaibisha mbele ya Kalamba?"

"Na programu yangu ya mazishi?" akauliza Mutindi, aliyekuwa akingoja kuchapiwa tangu asubuhi. "Tunazika mjomba kesho, Idris."

"Subiri, mama. Heshima ya Kanyangi iko hatarini."

"Marehemu hana haraka," akasema Kitonga, fundi wa simu wa mlango wa pili, aliyeingia bila kualikwa, kama waingiavyo majemadari.

Kitonga akashika uongozi. Aliamuru kompyuta izimwe na kuwashwa. Ikazimwa, ikawashwa, weusi ukabaki. Aliamuru kebo ya kioo ichomolewe na kupulizwa. Ikapulizwa kwa pumzi za wanaume wawili, weusi ukabaki. Ndipo akatoa hukumu, kwa utulivu wa mtu ambaye hasara si yake: "Kadi imekufa, boss. Tafuta ingine."

Simu ikalia. Alikuwa Kyule.

"Nasikia huko ni giza, kijana wangu. Nikutumie picha sasa, ama? Niko na moja nimevaa suti ya harusi."

Idris akakata simu. Nasima, mkewe, aliyekuwa amekalia kompyuta ya pili akimchapia Mutindi kazi yake, akasema bila kugeuka:

"Baba Safa, si wewe ulizima ile kitu wakati wa mvua?"

"Kitu gani?"

"Ile ya kuongeza kasi. Ulisema kasi inamaliza betri ya sola."

Jeshi lote likamgeukia Idris. Ilikuwa kweli. Mawingu yalipoziba jua mwezi wa kumi na moja, Idris alipita kwenye setingi za brauza akizima kila kilichotaja kasi, kwa imani kwamba kompyuta ikitambaa hula umeme kidogo. Tangu hapo mchezo ulijikokota bila msaada wa kadi, hadi toleo jipya la brauza lilipokuja wiki hiyo na kukataa kazi hiyo ya punda.

"Niliizima kwa hekima ya wakati ule," akasema shujaa.

Akaingia kwenye setingi, akaikuta swichi ya kutumia kadi ya michoro, akaibonyeza kama mtu afunguaye lango la ngome, akafunga brauza na kuifungua upya. Gari jekundu likatokea, saa tisa ikigonga.

Mbio zikaanza. Kwenye kona ya kwanza Idris aligonga ukuta, akageuka kuelekea alikotoka, akamaliza nyuma ya watoto wa nchi asizozijua.

"Umekuwa wa mwisho kabisa!" Kyule alipiga kelele simuni.

"Mkataba ulisema kutokea," akajibu Idris, amesimama wima. "Nimetokea."

Kyule akakata simu, maana ndivyo mkataba ulivyosema. Kitonga naye akatoka nje kulitangazia soko kwamba kadi imefufuka mikononi mwake.

Basi na iandikwe katika tarehe za Ukambani, wasome wajukuu: Ijumaa hiyo, huko Kanyangi, mtu mzima alirudisha swichi aliyoizima mwenyewe, na watu wakampigia makofi.