Faru Mwenye Alama ya Ukoo Wetu

Jumatatu, 3 Februari 2025. Lodwar.
Ujumbe kutoka kwa Akiru! Tangu ahamie Kakuma kufundisha kina mama ufinyanzi, Lodwar ni joto tupu. Jumamosi wana maonyesho: wanyama wanaoelekea kutoweka, wa udongo. Ameniuliza kama nitakuja. Mimi! Niliyefika mpakani Nadapal nikaweka mguu mmoja Sudan Kusini! Nitapeleka faru, twiga na punda milia. Faru sijawahi kumwona. Si neno. Msanii wa kimataifa haangalii, anajua.

Jumatano, 5 Februari.
Faru tayari. Jirani yangu Emuria, fundi baiskeli, akapita, akasema ejok, safi, ng'ombe mzuri huyo. Mshamba! Kisha nikaangalia vizuri. Pembe mbili za ng'ombe, moja imepindwa mbele, nyingine nyuma. Longor mtupu, yule maksai wa baba aliyekwenda na ukame. Twiga naye: Longor mwenye shingo. Emuria akauliza mbona masikio ya wote yamekatwa alama ya ukoo wetu, au faru nao nimewalipia mahari? Mkono umezoea, nifanyeje?

Ijumaa, 7 Februari.
Akiru husema udongo ukauke kwanza kivulini, taratibu. Lakini Akiru si yuko Kakuma? Nikapanga kuni na mavi ya mbuzi, nikawasha. Pu! Kichwa cha twiga kikaruka hadi kwa Emuria. Pu! Punda milia kwaheri. Emuria akapiga kelele kwamba sasa wametoweka kweli. Amebaki faru. Pembe nzima, sifa kwa Mungu.

Jumamosi, 8 Februari. Kakuma.
Akiru kanenepa kidogo. Kapendeza, mama yangu! Kando yake amesimama Ayuen, Mdinka mrefu kama nguzo ya stima, ameshika faru wake, faru hasa kama wa kwenye picha. Nikamchukia papo hapo. Watu wakauliza wangu ni mnyama gani. Akiru akamchukua, akapitisha kidole kwenye pembe, kisha kwenye sikio. Akasema huyu ni Longor. Akauliza kama bado namwimbia. Nikakohoa. Vumbi la Kakuma, baya sana. Ayuen akaomba amshike kidogo. Kwao pia kijana huwa na maksai wa kumwimbia, na wake alibaki ng'ambo ya mpaka. Akamshika muda mrefu. Sasa adui gani huyu, hata kumchukia hakuchukiki!
Jioni Akiru akasema nibaki Kakuma, nifinyange upya, nikae hapo mpaka udongo ukauke vizuri. Alisema akitazama chini. Nikamjibu kwamba msanii wa kimataifa hana muda wa kungoja udongo. Akacheka kidogo. Hakunisindikiza.

Jumapili, 9 Februari. Lodwar.
Nimelala vibaya. Mpango mpya: tembo! Sikio nimeshalikata. Bado anadondoka maji, lakini moto nimewasha, Emuria keshafunga mlango. Akiru akimwona huyu, lazima aniombe tena nibaki.