Viraka Ishirini na Vitatu

Jamani, leo nimejivua nguo mwenyewe, halafu nikawaita watu waje kuangalia.

Kwa msionijua, naitwa Mwanaidi, nakaa Korogwe, nafundisha kompyuta. Kuna programu tunaitengeneza kwa kujitolea, watu saba, ili wakulima wa Handeni watume vipimo vya mvua kwa simu. Kiongozi wetu ni Mwalimu Mhina, mstaafu wa hesabu, anaishi Handeni mjini. Mwalimu hataki mambo ya kubonyezabonyeza kwenye tovuti. Ukibadilisha kitu kwenye programu, badiliko lako unaligeuza barua pepe, unaweka na maelezo mafupi ya ulichofanya, unalituma kwa kundi zima. Barua hiyo tunaiita kiraka. Yeye anaipeleka steshenari, inachapwa, anaisahihisha kwa kalamu nyekundu. (Msiniulize. Ndivyo alivyo.)

Sasa mimi nilikuwa na viraka vitatu safi, maelezo yamenyooka kama barua ya kuomba kazi. Nyuma yake kulikuwa na mabadiliko mengine ishirini, majaribio yangu ya tangu masika. Maelezo ya hayo nilijiandikia mwenyewe, kama mtu anavyoongea peke yake jikoni. Hayakuwa ya kutoka nje.

Asubuhi nikaiambia kompyuta iniandalie viraka vitatu vya mwisho. Kidole kikagusa 2 kabla ya 3. Ikaandaa ishirini na vitatu, kimya kimya. Ikaniuliza tu kama itume kimoja kimoja au vyote kwa mpigo. Chai ilikuwa inapoa. Nikajibu vyote.

Vikaanza kupita kwenye kioo. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikatabasamu. Cha nne. Tabasamu likaganda. Cha saba nikachomoa modemu. Vikaendelea. Kumbe kompyuta ilikuwa imeshika mtandao wa simu yangu. (Mwalimu wa kompyuta, huyo.) Mpaka naipata simu chini ya mto, kazi ilikuwa imekwisha.

Nikakaa chini nikasoma nilichotuma. Kiraka kimoja maelezo yake ni "Jaribio". Kinachofuata, "Jaribio la mwisho". Kinachofuata, "La mwisho kweli, wallahi". Hayo si kitu. Kuna kilichosema: "Nimeondoa nafasi mbili baada ya nukta, maana Mwalimu Mhina akiziona presha inapanda." Kuna cha Rashidi.

Rashidi ni mwenzetu wa Kwaluguru, mkulima, ndiye anayesoma kipima mvua cha huko. Naye yumo kwenye kundi. Kuhusu yeye nilikuwa nimeandika: "Nimezidisha mvua ya Kwaluguru mara mbili kwa sababu Rashidi alikuja kikaoni na lile shati la bluu." Na kingine, siku kadhaa baadaye: "Wazo hili ni la Rashidi. Ana akili. Halafu ana mikono mizuri."

Nikalala kifudifudi sakafuni. Sakafu ya saruji ina ubaridi mzuri, naipendekeza.

Saa tano Mwalimu akapiga. Nikamsalimu shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani, za wanafunzi, za mvua. Hakuacha hata moja. Kisha akasema yuko steshenari na karatasi zimemalizika dukani. Watu waliokuja kutoa nakala za vitambulisho wamelazimika kusubiri, na kwa kuwa walikuwa wanasubiri, wamesoma.

Nikamwomba avifute vile ishirini, achukue vitatu tu. Nikamwambia vimetoka kwa bahati mbaya.

"Haiwezekani," akasema. "Vile vitatu vimejengwa juu ya hivi ishirini. Ungetuma vitatu peke yake vingegoma. Nimeshaviingiza vyote, na maelezo yake kama yalivyo."

"Na ile ya presha, Mwalimu?"

"Hiyo nimekupa vema. Ni kweli inapanda." Kisha akaongeza: "Binti wa hapa dukani anaomba nikuulize, wewe na Rashidi mmefikia wapi?"

Nikasema mtandao unakatika. Nikaukata.

Nilijipa moyo kwamba Rashidi angekuwa shambani, kule simu mpaka upande kichuguu ndiyo ishike. Saa nane ikaingia barua pepe kutoka kwake. Hakunitumia mimi. Alilijibu kundi zima, kwa utaratibu tuliofundishwa na Mwalimu: unanukuu mstari wa mwenzako, unaandika maoni yako chini yake.

Chini ya mstari wa shati aliandika: "Si bluu, ni kijani. Mwandishi ahakikishe kabla ya kutuma."

Chini ya mvua ya Kwaluguru: "Kumbe ndiyo maana mchana huu programu imetuonyesha mvua nyingi hivyo. Tulishaanza kushukuru."

Nikateremka mpaka kwenye mikono huku jicho moja nimelifumba. Chini yake kulikuwa na maneno manne: "Hapa hakuna cha kurekebisha."

Sijamjibu. Sijui nijibu kwa kiraka au kwa mdomo. Watu wengine wanne wa kundi wako kimya mpaka sasa, na huo ukimya nausikia wote unavyocheka.

Ninyi ndugu zangu wa Sindeni na Kwamsisi mtakaopakua hiyo programu, nawaomba kitu kimoja. Angalieni mvua tu. Historia ya mabadiliko haiwahusu.