Mwamba wa Wifi

Jumatatu, 4 Agosti. Asubuhi mawingu mepesi, upepo mkavu, dalili ya mvua hakuna.

Nimekabidhiwa ufunguo! Wapimaji wa mfereji wamehifadhi sampuli zao katika banda langu la vitunguu, na mlinzi ni mimi. Mfereji utachota maji mtoni uyapeleke mjini. Utapita ama upande huu wa kilima, shambani kwangu, ama upande wa pili, kwa wifi yangu. Mkuu wao, tunayemwita Bwana Nyundo, ametoboa ardhi pande zote mbili. Keshokutwa atakagua kilichotoka chini, kisha aamue.

Nyanya zangu zinakufa. Nabeba maji kichwani tangu niolewe. Kama haki ipo, mfereji unakuja huku.

Jioni wifi kapita eti kunijulia hali. Akasema nisiwe na wasiwasi, mfereji ukipita kwake ataniruhusu kuteka, mradi nipige hodi kwanza. Nipige hodi! Kwa maji ya Mungu!

Jumanne, 5 Agosti. Jua kali tangu saa moja.

Nimefungua masanduku. Balaa! Kwangu umetoka udongo mtupu, wa kijivu, unaonata vidoleni kama gundi. Kwa wifi umetoka mwamba: vipande vya mviringo, virefu kama miwa, vinang'aa. Mwanamke yule hata chini ya ardhi kajaliwa!

Mfereji ni jengo, na jengo hukaa juu ya mwamba. Aliyefika kidato cha nne haambiwi mara mbili. Nikafikiri kwa utaratibu. Jina la shamba limeandikwa kwenye kifuniko tu. Kifuniko kinahamishika. Nimevihamisha vyote.

Mume wangu akauliza mbona naimba. Nikamjibu: siku hizi hata kuimba kunaombewa kibali?

Jumatano, 6 Agosti. Ukungu, kisha joto.

Siku ya laana. Bwana Nyundo alikaa kwenye kigoda changu, akamega udongo, akautia mate, akausokota kama uzi, halafu akauuma! Nikadhani hakupewa chai. Kumbe ndivyo wanavyopima. Akatangaza kwamba udongo ule ni mfinyanzi safi, haupitishi maji, unachimbika kwa jembe, hauhitaji hata saruji. Njia bora kabisa. Kifuniko kinasema wa nani? Wa wifi!

Na "wangu"? Eti mwamba unaotaka baruti, tena una nyufa, maji yote yatavuja kabla hayajafika mjini. Nikamweleza habari ya jengo na mwamba. Akacheka. Akasema, "Mama, hatujengi nyumba, tunasafirisha maji."

Sasa kwa nini mlinzi hakuelezwa mapema? Mtu anakabidhiwa ufunguo bila maarifa! Huu ni uzembe, na si wangu.

Wifi alipiga vigelegele mpaka kuku wangu wakatawanyika.

Alhamisi, 7 Agosti. Baridi kidogo, anga safi.

Nimemwambia mume wangu. Nilitarajia anihurumie. Akasema akili nyingi huondoa maarifa, niende nikakiri. Nikiri nini? Nilipanga masanduku!

Lakini Mungu si wa wifi peke yake. Fundi wa mashine ya kutobolea kamkumbusha Bwana Nyundo kwamba meno ya mashine yalivunjikia kwa wifi, na udongo laini hauvunji meno. Bwana Nyundo kakuna kichwa. Kesho wanatoboa upya pande zote mbili, na atapima papo hapo, shimoni. Wamechomeka kigingi cha kuonyesha pa kutoboa, katikati ya vitunguu vyangu.

Mume wangu akanisihi nitulie. Akasema udongo wangu ni ule ule, haujaenda popote, mimi nisiguse kitu tu. Kutulia! Maji yangu yaamuliwe na kigingi kilichochomekwa ovyo? Nilipajaribu pale kwa jembe, likagonga jiwe. Dogo, lakini jiwe ni jiwe, na sasa najua mawe yanaleta nini.

Walipokwenda kula mchana nimekihamisha. Nimechagua mahali laini kuliko pote shambani: pale tulipofukia shimo la choo cha zamani. Jembe linazama lenyewe! Udongo mweusi, umeshiba, hauna hata kokoto. Kesho Bwana Nyundo atajionea mwenyewe.

Naenda kulala, saa nne na robo, roho nyeupe kabisa.