Ua la Kuokoa Nyasi

Jumatatu, 12 Mei
Mama wa kamati ya mtaa amepita. Nyasi zetu zimefika magotini. Kaagiza zikatwe kabla ya Ijumaa. Mashine yangu ya kukatia imekufa tangu mwaka jana. Jirani Kigen, Mkenya, hukata zake kila Jumamosi, mistari imenyooka kama ya daftari. Keshatangaza kanisani kwamba nikipiga hodi tu ataniazima mashine, na nikichoka atani-mow-ia, yaani atanikatia, mwenyewe. Carrollton nzima, mji wetu huu wa Texas, imesikia. Basi mimi Wilbroad sipigi hodi.

Jumanne, 13 Mei
Nimepata! Kanuni ya kamati: uwanja wenye maua asilia ya mbuga ya Texas haukatwi mpaka yamalize kuchanua. Nimezunguka wote. Kuna ua moja, karibu na bomba. Moja linatosha. Ila lazima nilitambue, nilitaje kwa jina.

Jumatano, 14 Mei
Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama na kitabu cha maktaba mpaka kiuno kikalia. Bua ni duara au lina pembe? Sikuona vizuri, nikalikata. Pembe nne, kama mrehani. Majani mawili mawili, yanatazamana. Maua ya zambarau, ghorofa juu ya ghorofa. Kitabu kikataka nifikiche jani ninuse. Limau tupu. Jina lake Monarda, ndugu wa mrehani na mnanaa, mwenyeji wa mbuga hizi kabla ya barabara zote. Nimefurahi kupita kiasi. Nimelitia kwenye glasi ya maji jikoni.

Kigen akapita, akauliza kama nahitaji mashine. Nimemjibu kwamba siku hizi mimi ni mhifadhi wa mazingira.

Ijumaa, 16 Mei
Mama wa kamati kaja asubuhi. Mke wangu Glory alikuwa ametoka zamu hospitali, macho mekundu, lakini kwake mgeni hatoki bila chai. Nikahutubu: pembe nne, majani pacha, ghorofa. Mama akasikiliza kwa heshima. Akasifu chai, ina limau kwa mbali. Glory akaeleza kwamba ni majani aliyoyakuta kwenye glasi, kayachemsha pamoja na ua lake. Aliyanusa, akadhani nimemnunulia kiungo. Amenishukuru mbele ya mgeni.

Mama akaomba kuliona hilo ua. Nikatazama kikombe chake. Alikuwa amemaliza.

Jioni nilipiga hodi kwa Kigen. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekata nyasi. Kigen alisimama pembeni akininyooshea mistari. Nyuma ya bomba mashine haikufika, na hapo limechanua ua la njano, peke yake. Kigen hakuliona. Kamati itanikoma. Petali nane au tisa? Upepo ulilitikisa, sikuweza kuhesabu, nikaling'oa. Ni tisa. Kosa la jana lilikuwa chai. Safari hii nimelifungia kabatini.