Nilivyolikimbia Goli Letu Wenyewe

Sikilizeni, marafiki. Nawaandikia mimi mwenyewe kabla hamjaletewa habari hii na mwingine akiwa ameshaitia chumvi. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya kambi nzima ya Kirolirwe, glavu mikononi na mtoto wa mtu kifuani.

Wengi mnanijua, lakini kwa wageni nieleze polepole. Mimi ni golikipa. Nilianza huku huku Masisi, malishoni, nikizuia ndama wasitoroke zizini (ndama ana chenga kuliko mshambuliaji yeyote, niaminini). Timu moja ya Goma ikanichukua, nikasaini mkataba, nikacheza misimu miwili. Halafu vita vikafika barabarani. Ligi ikasimama. Sasa ni mwaka na nusu nalala na mama yangu ndani ya hema kambini. Golikipa asiyecheza mwaka na nusu husahaulika kama aliyekufa. Kwa hiyo niliposikia kwamba kocha wa timu kubwa ya mbali anapanda kwa pikipiki kuja kunitazama mimi, mimi peke yangu, nilijua kwamba mlango huo hautafunguka mara ya pili.

Mechi ilikuwa dhidi ya wasichana wa Walikale waliokimbilia kambi ya jirani. Kocha, mama mfupi mwenye koti la mvua, alinipa mkono.

"Dada, niko natafuta golikipa moja tu. Unionyeshe."

"Mama, leo utaona kitu hujawahi kuona."

(Sikumdanganya.)

Kipindi cha kwanza nilidaka kila kitu. Mashuti ya juu, mashuti ya chini, moja nililitoa kwa goti. Nilimwona kocha akiandika. Jamani, aliandika!

Kipindi cha pili ukungu ukashuka. Asiyejua ukungu wa Masisi aelewe hivi: umesimama golini, unaona majani hatua kumi mbele yako, halafu dunia imekwisha. Mpira ulikuwa upande wa pili. Sikuona kitu. Kukawa kimya. Kisha kelele za wanawake. Kisha watu wakachomoka ndani ya ukungu, midomo wazi, mikono juu, wanakimbia moja kwa moja kuja kwangu.

Hapa lazima niwaeleze mambo mawili, msije mkanihukumu haraka. La kwanza: huku kwetu ukiona watu wanakimbia, unakimbia. Sababu utaambiwa njiani. Aliyesimama kuuliza hatukula naye jioni. La pili: unabeba mtoto aliye karibu, awe wako au asiwe wako. Tulipoikimbia vita kutoka Kibabi, kila mmoja wetu alidhani mwingine amembeba mtoto wa binamu yangu. Tulipofika Mushaki na kutazamana, hayupo. Mpaka leo hayupo. Alikuwa na miaka minne. Tangu siku hiyo siwezi kumwacha mtoto chini.

Basi, nyuma ya goli langu alikuwa amelala Furaha, mtoto mchanga wa muuza mandazi. Nikamdaka. Nikaondoka.

Nilikatiza shamba la viazi kwa kasi ambayo sijawahi kuionyesha uwanjani. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Furaha: "Wee dada! Mutoto! Mutoto yangu!"

"Niko naye, Mama!" nikamjibu. "Kaza mwendo! Usiangalie nyuma!"

(Ndiyo. Nilimtia moyo mama niliyekuwa namwibia mtoto.)

Katikati ya viazi mzee mmoja aliinua kichwa. "Iko nini?"

"Wanakuja, Papa!"

Akatupa jembe, akakimbia. Waliomwona yeye wakakimbia. Tulipofika barabarani tulikuwa kama watu ishirini, wengine na vyungu, mmoja na kuku wake. Hapo Mama Furaha akanifikia, akanishika jezi.

"Unakimbia nini?"

"Si wanakuja?"

"Ndiyo, wanakuja kukubeba! Tumeingiza goli!"

Sikuelewa. Akarudia mara mbili. Tumeingiza goli. Sisi. Wale watu walikuwa mashabiki wetu, wamekuja kunirusha juu kwa furaha, na mimi nimewahamisha wakulima.

Tulirudi kwa miguu. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kuchekwa. Yule mzee alisema tu, "Binti, kwanza unitafutie jembe yangu." Nikalitafuta, mtoto wa watu bado mkononi, mama yake hatua moja nyuma yangu.

Uwanjani, mwamuzi alikuwa ameanzisha tena mpira bila kuona kwamba goli halina mtu. Mshambuliaji wa Walikale alikuja peke yake mpaka mstarini. Aliniambia baadaye: "Niliogopa, dada. Nilijua wote wamekimbia vita, mimi tu njo nimebaki." Akausukuma mpira ndani taratibu, akalala chini. Sare, goli moja kwa moja. Ndilo goli pekee katika maisha yangu nililofungwa nikiwa barabarani.

Kocha alikuwa amefunga kitabu chake.

"Ulikimbia juu ya nini?"

"Niliona watu wanakimbia, Mama."

"Kwetu, tukifunga, watu elfu wanakimbia. Utafanya je?"

Nilitazama glavu zangu zenye udongo wa viazi. Mama Furaha ndiye aliyesema, huku akimnyonyesha mwanawe:

"Mama, usimuache. Watu wote walikuwa wanaimba. Mutoto yangu, ni yeye tu aliona. Siku vita itakuja kweli, nataka ni huyu njo akae nyuma pale golini."

Kocha alifungua tena kitabu chake. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka.

"Jumapili," akasema. "Dakika makumi tisa. Ukitoka ndani ya goli hata mara moja, nabeba mwingine."

Kwa hiyo cheko lenu naliomba mliweke kidogo, mtalitumia Jumatatu. Jumapili saa tisa njooni, wote, na watoto wenu mgongoni. Na tukiingiza goli, nawaomba kwa upole kabisa: shangilieni mkiwa mmekaa.