Mapigo ya Mzee Kimya

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa mtihani wa vitendo! Uuguzi, mwaka wa kwanza, mara yangu ya pili. Nikifeli narudi kwa shangazi kulea mapacha wake, na wale watoto wanang'ata. Kila mtu atamhudumia Mzee Kimya, mdoli wa plastiki anayelala chumba cha mazoezi. Kazi yenyewe ni ipi? Mkufunzi kasema ni siri. Leo nilimtandikia kitanda, pembe za shuka zikafumuka kabla sijaondoa mkono. Mwanafunzi mwenzangu Bi Pasi (hata soksi zake zimenyooshwa) akanisahihisha mbele ya darasa, tena kwa upole. Upole ndio ulioniuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimejisomea. Kurasa mbili. Kunawa mikono kuna hatua kumi na moja! Miaka yote nimenawa kwa hatua mbili na sijafa. Nikambebea mkufunzi mkoba hadi ofisini, nikamdodosa kuhusu Ijumaa. Akanishukuru kwa kumbebea mkoba. Basi. Ila nimemsikia akimwambia karani kwamba kesho saa nne watakutana chumba cha mazoezi kupanga mtihani. Wao wawili tu, na Mzee Kimya. Wazo likanijia.

Jumatano, 5 Machi
Saa tatu na nusu nilimsweka Mzee Kimya kabatini, nikavaa gauni lake la wagonjwa, nikajizungushia bandeji usoni, nikalala. Saa nne mlango ukafunguka. Darasa zima! Mkufunzi kaahirisha kikao, kaona bora tufanye mazoezi. Akauliza niko wapi. Mtu akasema naumwa. Asante, sijui nani.

Bi Pasi akapangiwa kupima mapigo ya moyo. Ana vidole vya baridi. Akahesabu dakika nzima, akaandika mia moja thelathini na mbili. Mkufunzi akaja juu. Mdoli hana mapigo, alisema, na muuguzi anayebuni namba ataua mtu. Bi Pasi machozi yakamlengalenga. Nilimhurumia kwa kweli, ila si kiasi cha kuamka. Kisha akasema polepole:

"Mwalimu, mpime mwenyewe. Halafu anatoka jasho."

Mkufunzi hakupima. Aliomba sindano, ile ndefu ya paja.

Nilitimua mbio. Magauni ya wagonjwa hufungwa kwa kamba nyuma. Zangu sikuwa nimezifunga.

Alhamisi, 6 Machi
Sijafukuzwa. Mkufunzi kasema kwa vile nakipenda kile kitanda, kesho mdoli ni mimi. Wenzangu ishirini na wawili watanihudumia, kisha mimi wa mwisho, kwa Mzee Kimya. Nilinuna hadi mchana. Halafu nikashtuka: nitaona majibu mara ishirini na mbili! Bi Pasi alinifuata kwenye korido, akasema niitazame mikono yake hatua kwa hatua, nitafaulu. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Mjanja yule, namchunga.

Ijumaa, 7 Machi
Kazi: kumwogesha mgonjwa kitandani. Maji ya vuguvugu, blanketi laini. Wa kwanza alinifuta uso taratibu. Wa pili vilevile. Wa tatu simkumbuki. Nililala fofofo! Nikaamshwa zamu yangu ilipofika, msafi kuliko mtu yeyote chuoni. Nikamwosha Mzee Kimya miguu, kisha uso, kwa maji yaleyale. Mkufunzi akafunga daftari lake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefeli. Bi Pasi kawa wa kwanza. Shangazi kapigiwa simu, na nyuma yake niliwasikia mapacha wakishangilia. Nilijisikia vibaya sana, karibu nilie.

Lakini mkufunzi kanipa nafasi moja ya mwisho! Baada ya wiki tatu, mtihani wa mifupa ya mwili, yote, kwa majina. Nikikosa, kwaheri. Bi Pasi kajitolea kunifundisha kila jioni. Nimemkatalia, sina muda. Ofisini kwa mkufunzi, nyuma ya pazia, kuna kiunzi cha mifupa kimesimamishwa, kirefu kama mimi. Na maswali huandikwa kwenye meza iliyo mbele yake.

Leo nimeanza kujinyima kula.